Zebaki Ndani ya Karasha

Kijana mmoja alifika Rwamagasa, Geita, akitokea vijiji vya Kahama, akapata mgawo wake wa mawe kutoka duarani, yaani shimo la mgodi. Mzee msimamizi wa mwalo, mahali pa kuoshea dhahabu, akamwelekeza: saga mawe kwenye karasha, pitisha tope juu ya ubao wenye mteremko mdogo uliotandikwa magunia ya katani. Dhahabu ni nzito zaidi ya mara saba kuliko jiwe jeupe linaloibeba, hivyo hunasa kwenye gunia na mchanga hupita. Magunia yasuuzwe kwenye karai, na zebaki iwekwe kidogo, kwenye mchanga ule mzito tu.

"Mwanangu, usiiwahishe zebaki."

Kijana hakuwa na subira, akaimimina ndani ya karasha. Vyuma vikaipondaponda ikawa vitone visivyoshikana tena, vikaondoka na maji pamoja na dhahabu. Akaambulia punje. Marudio, yaani mchanga uliobaki, akamuuzia mwenye plenti, mtambo wa sianidi, kwa bei ya kutupa, naye akayalowesha kwenye sianidi, zebaki ikiwa humohumo, akavuna kuliko mwenye mawe. Inauma, maana wachimbaji wengi huamini zebaki ndiyo inayokamata dhahabu, kumbe kazi kubwa ni ya maji na ubao.

Hiyo ilikuwa hasara ya fedha. Mvua ilipokuwa ikinyesha, donge lake la zebaki na dhahabu alilichomea jikoni kwenye kikaango, mkewe mjamzito akisonga ugali pembeni. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357, na mkaa uliokolea hufika huko na kupita. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Huingia mapafuni, kwenye damu, hadi kwa mtoto aliye tumboni. Baadaye vidole vya kijana vikaanza kutetemeka, fizi zikavimba, akawa mtu wa hasira za ghafla. Mtoto alichelewa kukaa, akachelewa kusema. Ndugu wakaenda kwa mganga kumtafuta mchawi.

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka mambo manne yakomeshwe: kuchanganya zebaki na mawe yote, kuichoma wazi, kuichoma penye makazi ya watu, na kutia sianidi kwenye marudio yenye zebaki. Yote manne yalipita kwenye mawe ya mtu mmoja.

Na njia nyingine ilikuwa karibu. Miaka ya 2000, mradi wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, ulifika Rwamagasa hiyohiyo kufundisha matumizi ya ritoti. Ritoti ni chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba linalopoozwa kwa maji. Mvuke hurudi kuwa zebaki, ikatumika tena. Fundi wa kuchomelea huiunda kwa viungio vya mabomba ya maji. Donge lichomwe humo, mbali na nyumba, na ritoti isifunguliwe kabla haijapoa.