Siku za Mwisho Utawani

Katika vilima vya Nyacheki, huko Bobasi, likizo ya Disemba inapokaribia ukingoni, wavulana wa Kigusii waliotahiriwa na kutawa huingia katika siku ambazo, kwa rai yangu, ni adhimu kuliko hata ile ya kisu. Maana jeraha limekwisha kupona, na iliyobaki ni kazi ya kuulinda moto usizimike na majani ya esuguta yasinyauke, amana mbili walizokabidhiwa tangu mwanzo, huku wakisikiliza nasaha za walezi wao juu ya chinsoni, ile kanuni ya staha itakayomzuia kijana, akishatoka, kuingia ovyo malaloni mwa wazazi wake. Mwanaanthropolojia Philip Mayer alipoziandika habari za jando hili mwaka 1953, kalenda ya shule haikuwa bado hakimu. Leo Januari ndiyo iamuayo, na wengine hutolewa upesi, wakaogeshwa na kuvishwa nguo mpya kabla nasaha hazijatimia. Hilo lanihuzunisha sana. Enyi akina baba wa Bobasi, karamu na ipunguzwe ikibidi, lakini jioni za mazungumzo mwaachieni mlezi zote.