Je, Mfupa Unaweza Kuishuhudia Huruma?

Mwaka 1973, huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, mtafutaji mahiri wa visukuku Kamoya Kimeu aliyakuta mabaki ya mwanamke wa jamii ya kale iitwayo Homo erectus. Aliishi zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita, na alikufa akiwa mgonjwa sana: mifupa yake mirefu ilikuwa imevikwa tabaka nene la mfupa mpya, uliokua ovyo juu ya ule wa zamani.

Mtafiti Alan Walker na wenzake, katika makala yao ya 1982 kuhusu mabaki hayo, walisema huenda mwanamke huyo alilemewa na vitamini A, pengine kwa kula maini ya wanyama walao nyama. Sumu hiyo huvujisha damu chini ya utando unaouvika mfupa, na damu iliyoganda hugeuka mfupa polepole. Haiwi kwa siku mbili. Kwa hesabu ya Walker, mgonjwa aliishi wiki kadhaa, labda miezi, katika maumivu makali. Basi nani alimpa maji? Nani aliwafukuza fisi usiku? Walker aliamini kwamba kuna aliyekaa naye.

Jibu hilo linagusa moyo, na kwa sababu hiyo hiyo linastahili kupimwa. Wengine wamedai ugonjwa wenyewe ulikuwa buba. Kubwa zaidi ni hoja ya Katherine Dettwyler, mwanaanthropolojia aliyeandika mwaka 1991 kwamba kuishi na ulemavu si uthibitisho wa kuhurumiwa. Mfupa hausemi kama aliyelishwa alipendwa, alisimangwa au alipigwa. Wala hausemi kama alijilisha mwenyewe.

Gombe, nchini Tanzania, inaipa hoja hiyo uzito. Mwaka 1966 ugonjwa wa polio uliwapata sokwe waliokuwa wakichunguzwa na Jane Goodall. Faben alipooza mkono mmoja, lakini aliendelea kuishi kwa miaka, akijitafutia chakula. Mzee McGregor alipooza miguu yote miwili, akawa anajiburuta. Wenzake walimwogopa na wengine wakamshambulia. Humphrey peke yake ndiye aliyezidi kubaki karibu naye. McGregor alipoteguka mkono, watafiti walimuua ili kumwondolea mateso. Tazama sasa: aliyepata mwenza wa kumkalia karibu ndiye aliyekufa mapema, naye aliyejitegemea akadumu. Mtu akipewa mifupa ya wawili hao bila simulizi, atasoma mambo kinyume.

Hapa swali la Walker linageuka kuwa la maadili. Tukiipima huruma kwa kupona, tumeidhulumu mara mbili: tunawasifu watu kwa uponyaji ambao pengine hawakuusababisha, na tunawafuta waliouguza bila mgonjwa kunyanyuka. Mwanafalsafa Alasdair MacIntyre, katika kitabu chake cha 1999 kuhusu wanadamu kama viumbe tegemezi, aliwalaumu wanafalsafa wa Magharibi kwa kuzungumza kana kwamba mtu mwenye maadili siku zote ni mzima wa mwili. Lawama hiyo ni ya haki. Kila mtu alianza kwa kubebwa.

Wodi za mifupa zinalijua hilo. Kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, akiwa kitandani na mguu umening'inizwa uzito, yumo hatarini kupata vidonda vya kulalia, na damu inaweza kuganda mguuni kisha ikakimbilia mapafuni. Daktari humwekea vyuma ili ainuke mapema. Lakini kuna anayemwogesha, anayemshikia bakuli, anayemgeuza ubavu. Mara nyingi ni mama au dada aliyefunga genge lake sokoni, na hapati mshahara wala cheti. Miaka elfu ijayo vyuma vitaonekana kaburini. Dada haonekani popote.

Na kuna mfupa unaokataa kuunga. Usaha ukiingia ndani yake, matibabu huweza kuchukua miaka, na wengine huishia kukatwa mguu. Ndugu anayemuuguza mgonjwa wa namna hiyo mwaka wa tatu, fedha zimekwisha na majirani hawaji tena, anatenda jambo lile lile alilolitenda wiki ya kwanza, tena kwa gharama kubwa zaidi. Yeye ndiye ambaye mahubiri yetu kuhusu huruma yanapaswa kumtaja kwanza, kabla ya waliopona.