Je, mlevi apewe zawadi ili aje kutibiwa?



Wanaowasindikiza wagonjwa wa akili na walevi wanajua tatizo hili: mtu anakuja kituo cha afya mara mbili, kisha haonekani tena. Kumkaripia hakusaidii. Sasa wengine wanauliza kama ni vema kumpa zawadi kila anapokuja hajanywa.

Jambo hili limejaribiwa. Mwaka 2000 huko Marekani, Nancy Petry na wenzake walitangaza habari za wanajeshi wa zamani 42 waliotaka kuacha pombe. Baadhi yao, kipimo kikionyesha hawakunywa, waliokota karatasi ndani ya bakuli. Baadhi ya karatasi hazikuwa na zawadi. Nyingine zilikuwa na kitu kidogo cha dola 1, na chache sana kitu cha thamani. Wiki 8 zilipokwisha, asilimia 84 ya watu wa bakuli walikuwa bado wanakuja. Kwa wenzao ni asilimia 22.

Hapo mama wa jirani atauliza: "Yule aliuza posho ya watoto akanywa kanyanga, ndiye apewe sabuni? Na mume wangu asiyekunywa apewe nini?" Tusiseme ni wivu. Anadai haki, kama kaka mkubwa wa Luka 15, ambaye hatuambiwi kama aliingia karamuni.

Mimi naona hivi. Pombe hulipa jioni ile ile: unasahau, unalala. Uzima hulipa baada ya miezi, na mtu aliyekimbia vita mara mbili amezoea kuona kesho ikinyang'anywa. Sabuni si mshahara wa wema wake. Ni sababu ya kurudi Alhamisi, mpaka apate sababu zake mwenyewe. Ni kweli zawadi zikikoma wengine hurudi nyuma, kwa hiyo bila mazungumzo na watu wa kumtembelea haitoshi.

Tena tuangalie njia. Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2011 kuwapa methadoni watu wa heroini, na hapo mwanzo dawa hiyo ilinywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kila siku ilikuwa nauli. Kwetu, anayetumwa kutoka Muyinga mpaka hospitali ya akili ya Kamenge, Bujumbura, anapoteza nauli na siku za kulima. Tukimwita mvivu kabla ya kuuliza habari ya nauli, tunamwonea.

Lakini kuna jambo moja nalikataa kabisa: kuzuia posho ya mlevi mpaka aache. Kuongeza sabuni ni kitu kimoja, kuondoa unga ni kingine, maana unga ule ni wa watoto. Wala zawadi isitolewe mbele ya mkutano watu wakipiga makofi. Akianguka wiki inayofuata, ataona haya kurudi. Apewe ndani, kimya. Na kama mke wake yupo, sabuni hiyo akabidhiwe yeye.