Wema Unaouma

Jioni moja mbwa wetu Simba alirudi nyumbani amefumba jicho la kushoto. Alikuwa amekwaruzwa na miiba ya mchongoma. Jicho lilitoka machozi, naye akawa analisugua kwa mguu wa mbele. Nilisema, "Ni mbwa tu, litapona." Baadaye niliona aibu, nikatoa kabatini dawa ya macho iliyobaki nilipougua mwenyewe.

Bahati njema sikumtia. Bwana mifugo aliitazama chupa ile akatikisa kichwa. Ilikuwa na steroidi, na dawa ya namna hiyo huzuia kidonda cha jicho kupona, hata yaweza kulitoboa. Akatia rangi ya kupimia. Mkwaruzo mdogo ukang'aa kijani. Alinipa tyubu ya dawa, akaniagiza nimvalishe kitu shingoni asijikune. Nilikata ndoo kuukuu ya plastiki. Hapo nilijifunza kwamba huruma bila maarifa yaweza kupofusha sawasawa na ukatili.

Lakini lililonisumbua zaidi ni jingine. Mara tatu kwa siku nilimbana Simba kati ya magoti, naye akinguruma na kulia. Mtu mzima ningemweleza, naye angeweza kukataa. Mbwa utamwelezaje? Nilikuwa na haki gani ya kumlazimisha?

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant (1724–1804) alifundisha kwamba tusiwatese wanyama, kwa kuwa anayewatesa huuzoesha moyo wake ukatili, mwisho akawageukia watu. Ni kweli, lakini hainitoshi. Maumivu yalikuwa ya Simba, hayakuwa somo la tabia yangu. Naona haki yangu ilitokana na jambo moja tu: kwamba nilimbana kwa faida yake. Faida hiyo ikiisha, haki nayo imekwisha.

Nakiri, ndugu msomaji, kwamba siku ya pili alinikwaruza mkono, nami nikaendelea kumbana ilhali dawa imekwisha kuingia. Ilikuwa dakika moja tu, na hakuna aliyeona. Dakika hiyo sikuwa tabibu.

Jicho lilipona kabla ya wiki kwisha. Hata hivyo, Simba akiiona ile tyubu hujificha chini ya meza. Wahenga walisema, tenda wema nenda zako. Mimi siwezi kwenda zangu, kwa maana naishi naye. Basi huirudisha tyubu kabatini, nikaketi, nikamngoja atoke mwenyewe.