Nani Aliyemkomboa Mtumwa?

Mwanafunzi wa Kalangalala, Geita, akiulizwa ni nini kilichokomesha utumwa, hujibu: sheria. Kweli, Marekani iliupiga marufuku mwaka 1865, na soko la Zanzibar likafungwa mwaka 1873. Lakini huku bara Wajerumani hawakuufuta. Waliamuru tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Waingereza walipotunga sheria ya kuufuta Tanganyika, mwaka 1922, watumwa wengi walikuwa wamekwisha kutoroka au kujikomboa kwa jasho lao. Je, hao nao tuseme walipewa uhuru? Tena walimtoroka nani? Si mgeni peke yake. Hata jirani zetu Wanyamwezi, matajiri wa pembe za ndovu, walinunua watu wawalimie mashamba, wenyewe wakiwa safarini pwani.