🌙 RAMADHANI, SIKU YA 19: "TUTAELEWANA"



Ndugu zangu, mama zangu, na vijana wetu wa darasa hili. Alhamdulillah, swaumu ya leo ni ya kumi na tisa. Kesho jua likizama tunaingia kumi la mwisho. Najua kila mtu ana orodha yake: itikafu, kukhitimisha Qur'ani, zakatul-fitri, nguo za watoto. Leo naomba tuongeze jambo moja kwenye orodha hiyo. Liko hatua chache tu kutoka mlangoni kwako. Nauliza hivi: majani ya uwanja wako nani aliyafyeka, na ulimlipa nini?

Usicheke. Mimi mwenyewe swali hili limenikosesha usingizi.

Mwaka mmoja, Shaabani ikiwa inaishia, nilikuwa natarajia wageni wa futari. Sasa nyumba zetu hizi za Bujora unazijua, zimekaa juu ya mawe. Mvua ikinyesha kidogo tu majani yanatoka kila upenyo, na michongoma inajiendea inakotaka. Nikasema hapana, wageni hawawezi kunikuta hivi. Nimesimama pale nje nikamwona kijana anapita na fyekeo begani, anatokea upande wa Kisesa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unaweza kunisafishia huu uwanja, upunguze hii michongoma, halafu unipandie ukoka hapa mbele?"

"Naweza mzee."

"Shilingi ngapi?"

Akatazama chini. "Utaangalia mwenyewe mzee wangu."

Nami nikajibu lile neno letu: "Basi fanya, tutaelewana."

Ndugu yangu, lile neno lilikuwa tamu mdomoni mwangu. Nilijua kabisa kwamba kijana ameona aibu kutaja bei mbele ya mtu mzima. Aibu yake ile nikaifanya faida yangu.

Alifanya kazi siku tatu. Siku ya kwanza alifyeka. Siku ya pili alipunguza michongoma, aking'oa visiki na kubeba mawe. Siku ya tatu alileta ukoka magunia manne kwa bodaboda, akapanda na kumwagilia. Na mimi kila nikitoka nje nilikuwa na "kidogo tu" yangu. Kidogo tu hapa nyuma ya choo. Kidogo tu huu mfereji. Kidogo tu hili jiwe lisogee. Jioni ya tatu nikampa shilingi 30,000, nikamwambia, "Nyingine pitia kesho kutwa."

Kesho kutwa alikuja, mimi sikuwepo. Akaja tena, Ramadhani imeshaingia, nilikuwa msikitini. Mke wangu akaniambia, "Yule kijana wa majani amekuja tena." Nikasema, "Aah, atakuja." Baada ya hapo hakuja. Na nitakiri mbele yenu, kwa sababu mwezi huu si wa kujificha: alipoacha kuja, moyo wangu ulipata nafuu. Nikaona jambo limejimaliza.

Halafu nikapangiwa darasa la adhuhuri. Mada: haki za wafanyakazi. Nikafungua vitabu kuandaa. Hadithi ya kwanza ni ile mnayoijua wote, iliyopokewa na Ibn Majah, kwamba Mtume ﷺ ameamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Ya pili ni ile ya Bukhari, ambamo Allah Subhaanahu wa Ta'ala anataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama. Wa kwanza aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akasaliti. Wa pili aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Wa tatu aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yote kamili, kisha hakumpa ujira wake.

Tazama niliwekwa kundi moja na nani: na muuza watu! Kisa ni ukoka.

Nikafunga kitabu nikatoka kumtafuta. Nikauliza kijiwe cha bodaboda pale Kisesa, wakasema hayupo siku nyingi. Ikanichukua wiki kadhaa, Idi ilishapita, ndipo nilipompata Igoma anabeba zege kwenye jengo. Akanisalimia kwa heshima ileile, "Shikamoo mzee." Wallahi, ile shikamoo iliniuma kuliko tusi.

Tukakaa pembeni. Nikamwambia, nimekuja tufanye hesabu, na leo hesabu unafanya wewe. Kwa bei waliyokuwa wanalipa majirani zangu mwaka ule, kazi ya kufyeka na kung'oa ni 15,000 kwa siku. Siku tatu, 45,000. Ukoka alikuwa ameuchukua kwa mkopo kwa mtu anayeuotesha bondeni karibu na ziwa, gunia 5,000. Magunia manne, 20,000. Bodaboda ya kuuleta, 4,000. Jumla 69,000.

Mimi nilimpa 30,000. Nilikuwa nadaiwa 39,000.

Lakini subiri. Katika ile 30,000 alilipa kwanza deni la ukoka na bodaboda, ikabaki 6,000. Na fyekeo si lake, alikuwa analikodi 2,000 kwa siku. Siku tatu, 6,000. Imebaki nini? Sifuri. Kijana yule alibeba mawe yangu siku tatu juani, akaondoka na sifuri, na mimi nikawakaribisha wageni waukanyage ukoka wake huku wakinisifu kwa uwanja mzuri.

Nikamlipa yote na nyongeza, nikamwomba anisamehe. Nikamuuliza, "Kwa nini siku ile hukutaja bei?" Akanijibu taratibu, "Mzee, mimi ni Mkristo, msikitini kwenu siingii. Lakini nilikuona na kanzu na kofia. Nikasema kwa huyu hakuna haja ya kutaja bei."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

*Tujifunze nini hapa?*

*Kwanza, kazi ya bustani tunaidharau, ndiyo maana tunaidhulumu.* Ukienda duka la dawa huambiwi "tutaelewana". Fundi umeme humwambii "utaangalia mwenyewe". Lakini mtu wa jembe na fyekeo tunamwona kama anafanya kitu ambacho yeyote angeweza. Kama yeyote angeweza, mbona hukufanya wewe? Na sisi wa hapa ndio wa mwisho kudharau jembe. Bugobogobo tunayoiona ikichezwa pale kwenye Makumbusho ya Wasukuma inachezwa majembe mkononi, kwa sababu ilizaliwa shambani. Na katika dini yetu, Mtume ﷺ mwenyewe alichunga mbuzi wa watu wa Makkah kwa malipo. Nabii Musa (a.s.) alikuwa mwajiriwa.

*Pili, bei inatajwa kabla ya jembe kugusa ardhi.* Soma Surat al-Qasas, kisa cha Musa (a.s.) kule Madyan. Mzee wa Madyan hakumwambia "tutaelewana". Alimtajia malipo, ambayo ni kumwozesha mmoja wa binti zake, na akamtajia muda: miaka minane, na akitimiza kumi hiyo ni hiari yake. Akaongeza kwamba hataki kumtia mashakani. Ile minane ni haki, ile miwili ya juu ni ihsani. Mafaqihi wetu nao wameweka sharti kwamba katika ijara, kazi ijulikane na ujira ujulikane. Kwa nini? Kwa sababu kazi ikishaisha, nguvu yote iko kwa mwenye pochi. Kijana hawezi kuurudisha ukoka kwenye gunia wala majani kwenye shina. Neno "tutaelewana" linampendelea mwenye hela siku zote.

*Tatu, haki haiulizi dini ya mtu.* Sisi tunaosali hapa ni wachache katikati ya majirani wa dini nyingine. Hawasomi vitabu vyetu, wanatusoma sisi. Mtume ﷺ na Abu Bakr (r.a.) katika Hijra, safari ambayo roho zao zilikuwa zinawindwa, walimwajiri kiongozi wa njia aliyekuwa bado katika dini ya Makuraishi. Wakamkabidhi ngamia wao, wakaahidiana naye siku na mahali, kwenye pango la Thawr baada ya siku tatu. Naye akaja. Yule asiye Muislamu alitimiza ahadi yake kwa Mtume wetu. Mimi Muislamu, mwenye kanzu, sikutimiza ya "kesho kutwa".

*Nne, angalia swaumu yako inaenda kwa nani.* Katika hadithi ya Muslim, Mtume ﷺ aliwauliza masahaba kama wanamjua muflisi. Wakasema ni asiye na pesa wala mali. Akawafundisha kwamba muflisi wa umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, swaumu na zaka, lakini huyu amemtukana, yule amekula mali yake, mwingine amempiga. Basi mema yake yatagawiwa kwao mpaka yaishe. Piga picha: siku thelathini za kiu, tarawehe usiku kucha, halafu zote zinamfuata kijana wa fyekeo kwa sababu ya 39,000. Na wiki ile nilinunua tende za bei kuliko hiyo.

*Kwa hiyo tufanyeje?*

Ukitaka mtu wa bustani, kabla hajaanza zungukeni naye uwanja mzima, kisha mkubaliane mambo haya:

🌱 *Kazi ni ipi na inaishia wapi.* Kufyeka ni kazi moja, kung'oa visiki ni nyingine, kupanda ni nyingine. Kila "kidogo tu" inayoongezeka, na bei yake iongezeke.

🌱 *Analipwa kwa siku au kwa kazi nzima.* Zote zinafaa, ila ijulikane. Akiona aibu kutaja, msaidie. Mwambie majirani wanalipa ngapi, wala usimfiche bei ya juu.

🌱 *Nani ananunua vitu.* Miche, ukoka, samadi, usafiri. Hela hizo mpe kabla, kando na ujira, asikopee bustani yako. Muulize pia kama fyekeo ni lake au amekodi.

🌱 *Analipwa lini.* Jioni ya kazi, kabla hajanawa miguu. Kama huna hela leo, usimwite leo. Majani yatakusubiri.

🌱 *Ukoka mchanga unataka maji kila siku mpaka ushike.* Kama unataka arudi kumwagilia, hiyo ni kazi, si hisani.

Na mwezi huu, kama kijana amefunga, aanze mapema baada ya alfajiri na umwachie kabla jua halijawa kali. Kama si Muislamu, mpe maji na chakula cha mchana bila kumnunia. Swaumu ni yako.

Na wewe kijana unayesoma hapa, unayefanya kazi hizi: binti yule wa Madyan alimsifu Musa (a.s.) kwa mambo mawili, nguvu na uaminifu. Usichukue kianzio ukazima simu. Usifyeke mbele ukaacha nyuma kwa kuwa mwenye nyumba hayupo. Na usione aibu kutaja bei yako kwa adabu. Bei iliyotajwa inawalinda nyote wawili.

*Amali ya leo*

Kaa kidogo kabla ya futari, ukumbuke. Aliyechimba shimo la taka. Aliyepanda ule mwembe. Mama aliyepalilia mchicha wako. Yupo uliyemwambia "pitia kesho"? Mpigie leo. Humpati? Tafuta ndugu zake, uliza kijiweni kwake. Ukishindwa kabisa baada ya kutafuta kweli, wanazuoni wamesema itoe sadaka kwa niaba yake, na siku akitokea anadai haki yake umlipe.

Mnakumbuka watu watatu waliofungiwa pangoni na jiwe? Mmoja wao alikuwa na kibarua aliyeondoka akaacha ujira wake. Yeye akauzalisha ule ujira mpaka ukawa mifugo, na mwenyewe aliporudi akampa wote. Akamwomba Allah kwa amali hiyo, na jiwe likasogea. Kumi la mwisho linaanza kesho, na kila mmoja wetu ana jiwe analotaka lisogezwe. Tusiende kuomba huku tumeshika jasho la mtu.

Allahumma, tutakabalie swaumu zetu, utusamehe tuliyowadhulumu waja Wako kwa kujua na kwa kutojua, utupe ujasiri wa kuwarudishia haki zao kabla ya siku ambayo hakutakuwa na shilingi wala dinari. Aamin.

Darasa la kesho, inshaallah: adabu za itikafu. Ukiona lina faida, mtumie na jirani yako.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.