Je, Akabidhiye Tela Hukabidhi na Lawama?

Shaba ya Kolwezi husafiri barabarani kilometa 300 hivi, ikipita Likasi, kabla ya kufika Lubumbashi. Kisha hubaki kilometa 90 hivi hadi mpaka wa Kasumbalesa. Huenda tela moja likavutwa na madereva wawili, wakipokezana njiani.

Dereva wa kwanza ameona kwamba mzigo umepangwa vibaya. Tela linainama kushoto, nalo layumba kila penye kona. Afikapo mahali pa kupokezana, amsalimu mwenzake, ampa hati na funguo, aenda zake kulala. Swali ni hili: je, lawama imebaki kwake, au imeondoka pamoja na tela?

Wako wasemao: «Mwenye kosa ni aliyepakia, na mwenye kuchunga ni anayeshika usukani sasa, wa katikati hana neno.» Maneno hayo yafanana na haki, lakini si haki. Lawama si mkate, hata ikatwe vipande na kila mtu apate kidogo. Yafuata mambo mawili: kujua na kuweza. Aliyejua hatari, akaweza kuisema, akanyamaza, amekabidhi usukani tu; alichokijua amejiwekea mwenyewe. Basi deni limebaki kwake.

Sheria ya Musa ilipambanua jambo hili zamani katika habari za ng'ombe mkali. Mwenye ng'ombe asiyejua tabia yake hakuhukumiwa sawa na yule aliyekwisha kuonywa, asimfunge.

Wala hatari yenyewe si ndogo. Fungu moja la mabamba ya shaba huweza kupita tani 2. Uzito ukizidi nyuma, tela huelekea kuinua kichwa cha gari, na magurudumu yanayovuta hayashiki njia vizuri. Ukizidi juu au upande mmoja, gari hupinduka upesi kwenye kona. Tena mwendo ukiwa mara mbili, nafasi ya kusimama kwa breki huwa mara nne. Na atakayepondwa huenda si dereva, bali kijana anayesukuma baiskeli yenye magunia ya makala.

Labda atajibu: «Kontena limefungwa muhuri, sikuona ndani.» Kweli, hawezi kushuhudia yaliyomo, lakini mikono yake ilisikia usukani ukivutwa. Na aseme hilo. Atasema tena: «Mkubwa wa kazi atakasirika, na mwenzangu atachelewa.» Saa zilizopotea zaweza kulipwa, uhai wa mtu haulipiki.

Basi, adabu ya madereva ni ipi? Si salamu nzuri peke yake. Akabidhiye aseme kasoro wazi, aiandike katika hati, na minyororo ikilegea waikaze pamoja kabla ya kuagana. Mzigo ukiwa umepangwa vibaya kabisa, tela lisiondoke mpaka upangwe upya. Naye apokeaye azunguke tela, aguse minyororo, atazame matairi. Akifanya hivyo hamtukani mwenzake; aliye mwaminifu atamshikia taa.

Wahenga walinena: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Dereva mwema hauoni hivyo. Huupima mzigo anaouacha kana kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayeuvuta usiku ule.